Mgeni wa Saa Kumi

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua ya masika imeanza leo, saa kumi kasoro dakika chache. Nimeondoa nguo kwenye kamba nikakuta Tonny amepiga simu mara tatu.

Mazimwi yangu yote matatu ameyakataa. Tonny ana kampuni ndogo Nairobi inayotengeneza gemu za simu, na huu ni mwaka wangu wa pili kumbunia mazimwi nikiwa hapa Kitale. Nachora sura, naandika tabia, naandika jinsi ya kuyaua. La kwanza lilikuwa na mwili wa vyuma vya miavuli. La pili linakaa kwenye ghala la mahindi na kula vivuli vya wanaoingia. La tatu ni karatasi ya nailoni iliyojifunza kupumua.

"Sume, ni kazi poa, lakini ni meno tu na kucha," aliniambia. "Mchezaji akiona meno anachomoa upanga. Nataka kitu atakachokikaribisha kwanza, halafu ajute."

Gemu inatoka Agosti. Anataka mazimwi kumi na mawili. Aliyokubali ni saba.

Baba amekula vizuri. Ameniita Sabiha mara mbili. Sabiha ni dada yake, anakaa Bungoma.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimechora mikono siku nzima. Yote imetoka kama mikono yangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo kuna la kuandika.

Baba yangu, Abdikarim, ana miaka sabini na miwili. Zamani alikuwa na duka Cheptais, huko kwenye miteremko ya mlima, akiuza chumvi, vitambaa na mafuta ya taa. Tulihamia Kitale nikiwa na miaka kumi na miwili, na sababu sikuambiwa wala sikuuliza. Sasa ana ugonjwa wa kusahau. Asubuhi ni Baba kamili: anaswali, anasoma gazeti la wiki jana kana kwamba limetoka leo, anamtania Nekesa anayetusaidia kupika na kufua. Adhuhuri ikipita anaanza kupungua. Mvua ikipiga mabati, huwa ameshaondoka, amebaki mwili tu kwenye kiti.

Leo mvua ilipoanza, aliinuka. Akasimama katikati ya sebule akiutazama mlango.

"Amekuja," akasema.

"Nani, Baba?"

"Hana masikio."

Nekesa alikuwa ameshika sufuria. Akaiweka chini polepole. "Mzee, mrangoni hakuna mtu," akasema. Mlango ulikuwa umefungwa. Kwa dirisha niliona uwanja mtupu, maji yakirukaruka, na ng'ambo ya ua mahindi ya jirani yaliyoanza kuchipua.

"Anafananaje?" nikauliza.

"Kichwa ni laini pande zote. Kama yai." Baba aliongea kwa sauti ya chini, ya mtu anayeogopa kusikika. "Anasikia kwa mdomo. Anaita jina langu, anakomea katikati. Abdi. Halafu anangoja. Abdi. Anangoja tena."

 Nitaandika ukweli kwa kuwa hapa hakuna atakayesoma: kabla sijamshika mkono nikamkalisha, nilikwenda chumbani kuchukua daftari.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemtumia Tonny mchoro. Baada ya dakika kumi akapiga. "Hii umeitoa wapi?"

"Kichwani."

"Iko fiti. Hata sijui naogopa nini. Sasa nipe sheria yake."

Hapo yuko sawa. Zimwi bila sheria ni picha tu ya ukutani. Mchezaji lazima ajifunze: likifanya hivi, mimi nifanye vile. Sheria ya huyu sijaipata.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua ilianza mapema kidogo. Nilikuwa nimeshatayarisha simu ya kurekodi, nimeiweka chini ya gazeti.

"Yuko?" nikamuuliza Baba.

"Yuko."

"Ukimfungulia itakuwaje?"

Nilitegemea jibu la kuandika. Baba alianza kulia. Alikwenda mlangoni akakamata kitasa, akakivuta na kukivuta. Ufunguo ninao mimi, tangu mwaka jana alipotoka peke yake akakutwa karibu na maghala ya nafaka, viatu mkononi. "Nifungulie," alikuwa akisema. "Nifungulie. Nifungulie." Ilituchukua mimi na Nekesa nusu saa kumrudisha kwenye kiti. Mvua ilipoisha akaomba chai, kama hakuna lililotokea.

Baadaye sheria ikaja yenyewe, yote kwa mkupuo mmoja. Nimeliita Mgeni. Linakuja na mvua. Linabisha hodi mara tatu, kwa adabu. Linaita nusu ya jina lako. Ukijibu au ukifungua, umekufa. Haliuawi kwa kitu chochote. Ukinyamaza mpaka mvua iishe, linakwenda zake.

Tonny amejibu kwa neno moja: moto.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Rekodi ya pili.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Rekodi ya tatu. Ati ana matope mpaka magotini. Ati ananawa miguu kwa maji ya mchirizi kabla ya kubisha, ili asichafue. Hilo la kunawa nimelipenda sana. Zimwi lenye heshima.

Jumanne, 22 Aprili

"Ameshika nini leo?" nilimuuliza.

"Kofia yake."

"Haivai?"

"Ameishika kwa mikono miwili. Kama bakuli."

"Ndani mna nini, Baba?"

Alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kunitazama mimi kwenye saa hiyo, badala ya mlango. Alinitazama kwa huruma.

"Mtoto asione," akasema.

Nimechora kofia. Tonny aliuliza ndani mna nini, nikamwambia mna majina ya waliofungua. Alipiga mluzi.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua haikunyesha leo na nimejikuta nimeudhika. Saa kumi nilisimama uani nikitazama mawingu ya upande wa mlima kama mkulima. Baba alilala mchana kutwa, uso umetulia. Nilipita pale kwenye kiti chake mara nne.

Jumamosi, 3 Mei

Nekesa amenisema. Tulikuwa tunakunja nguo.

"Wewe unamuuliza sana mzee."

"Ni kwa ajili ya daktari. Anataka kujua anaona nini."

"Daktari gani anataka kila siku?" Aliendelea kukunja, hakunitazama. "Mvua ikikuja, anaogopa kidogo. Ukianza kuuliza, anaogopa mingi. Mimi naona tu."

Nilimwambia hajui mambo ya hospitali. Akachukua shuka lingine. Nekesa amekuwa hapa miaka mitano, na mwaka jana ndiye aliyemkuta Baba kule kwenye maghala.

Alhamisi, 8 Mei

Rekodi ya kumi na moja. Tonny anasema kijana mmoja wa Nakuru anayewajaribia gemu alifika kwa Mgeni, akasikia hodi, akazima simu akaiweka ndani ya friji. Wamecheka ofisini siku nzima. Mgeni ndiye atakayewekwa kwenye picha ya mbele.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Sasa hata mimi hukaa nikiutazama mlango.

Jumanne, 20 Mei

Sijui niandikeje hili.

Baba alikuwa amelala chumbani. Nekesa alikuwa ametoka, au labda alikuwa jikoni, sikuwa makini. Nilikuwa mezani nikichora vidole vya Mgeni, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu kama kawaida. Mvua ikaanguka yote pamoja, ile ya mawe, nisiweze kusikia hata penseli yangu.

Ndipo nikasikia hodi. Mara tatu.

Sikuinuka. Nikajiambia kwamba nimesikia vibaya. Hodi ikarudi, mara tatu, na nyuma yake sauti iliyokatwa na mvua, nusu ya jina langu, Sumeya: "Sume." Kimya. "Sume."

Ninajua nilichokuwa nafikiri kwa kuwa nilikifikiri kwa maneno kamili: ukinyamaza mpaka mvua iishe, linakwenda zake. Niliweka penseli chini bila kutoa mlio. Nilikunja mikono mapajani. Sauti iliita na kuita, halafu ikaacha kuita, na hapo nikaogopa zaidi. Nilikaa hivyo pengine dakika ishirini.

Mvua ilipopungua nilitazama dirishani. Nekesa alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza, ananitazama. Mfuko wa unga alikuwa ameufunika kwa tumbo lake. Leso yake ilikuwa imegandamana na kichwa, na mabegani alikuwa na alama nyekundu za mvua ya mawe.

Nilifungua. Alipita mpaka jikoni, akaweka unga mezani.

"Nilikuona kwa dirisha," akasema. "Uriketi tu."

"Nilidhani ni—"

"Ulidhani ni nani?"



Jumatano, 21 Mei

Nekesa hakuja. Asubuhi, Baba akisoma gazeti lake, nilivaa vipokea sauti nikaanza kusikiliza rekodi zote tangu ya kwanza. Nilitaka kuisikia sauti yangu. Nilitaka kujua Nekesa alikuwa anasikia nini akiwa jikoni.

Niliisikia. Kila rekodi ni mimi: ana nini mkononi, anatembeaje, ana harufu gani, halafu? Halafu, Baba? Sauti ya mtu anayepekua mifuko ya mtu aliyelala.

Lakini kulikuwa na kingine. Kwenye ile ya kwanza, ya Aprili 11, Baba anavuta kitasa na kulia. Nilirudisha nyuma. Nikarudisha tena, nikaongeza sauti. Hasemi "nifungulie." Midomo inakutana kabla ya neno kutoka. Inasikika wazi ukiondoa mvua.

"Mfungulie. Mfungulie."

Zipo rekodi kumi na nne. Nimesikiliza zote. Hakuna hata moja ambamo Baba anaomba kutoka. Katika zote ananiomba nimfungulie yule aliye nje, na katika zote mimi nina ufunguo mfukoni namuuliza kofia ina rangi gani.

Alhamisi, 22 Mei

Nilikwenda kwa Nekesa kuomba msamaha. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni kwake, kisha akasema atarudi kwa sababu ya mzee.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekwenda Bungoma kwa shangazi Sabiha. Nyumba yake iko nyuma ya msikiti, na nilimkuta barazani anachambua dengu kwenye sinia. Nilimweleza Baba anachoona. Nilipofika kwenye masikio, vidole vyake vilisimama.

"Kwani wewe hukumbuki?" akauliza. "Si ulikuwa ndani."

"Ndani wapi?"

Aliweka sinia chini. Alinisimulia bila kunitazama.

Ulikuwa mwaka wa vita vya mlimani. Vijana wenye bunduki walikuwa msituni, na waliyemshuku walimkata masikio wakamwachia atembee, awe barua kwa wengine. Duka lililomsaidia mtu kama huyo lilichomwa pamoja na waliokuwamo ndani. Siku moja, saa kumi, mvua kubwa, maduka yote Cheptais yamefungwa, mtu akashuka kutoka juu. Akapita milango yote. Alibisha mmoja tu, kwa kuwa mwenyewe alikuwa rafiki yake.

"Alikuwa anawaletea viazi. Alikuwa anakula kwenu, sahani moja na baba yako. Kibiwott. Watu wote walimwita baba yako Abdikarim. Yeye alimwita Abdi."

"Na Baba hakufungua."

"Alikuwa na wewe, Sumeya. Mama yako alikuwa ameshafariki. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili na yeye peke yake." Alifuta mikono kwenye leso, ingawa haikuwa na kitu. "Alinihadithia mara moja tu, alipofika hapa na wewe na magodoro mawili. Hakula siku mbili. Alisema alichungulia kwenye ufa wa mlango akamwona amenawa miguu."

Nikamwomba maji ya kunywa. Kumbukumbu ilikuwa imeshaanza kupanda, na ilianza na harufu: viganja viwili vikubwa vyenye harufu ya mafuta ya taa, vimeziba masikio yangu, vinabana mpaka vinauma. Miaka yote nimeikumbuka hiyo na kuipenda. Nilidhani alikuwa ananikinga na radi.

"Alikufa?" nikauliza.

"Nani, Kibiwott? Hapana. Anauza viazi Cheptais. Msichana wa jirani yangu hununua kwake."

Jumamosi, 31 Mei

Mvua. Baba: mfungulie. Nilimwambia nimeshafungua. Alijua ni uongo.

Ijumaa, 6 Juni

Sikukuu. Baba aliswali akiwa ameketi. Tulikula vizuri. Haikunyesha.

Jumanne, 17 Juni

Cheptais, siku ya soko. Sikuwa nimekanyaga huko kwa miaka kumi na minane. Lilipokuwa duka letu sasa panauzwa mbolea, na mlango ni mpya, wa chuma.

Nilimtambua kabla ya kuonyeshwa. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kofia ya sufu ameivuta mpaka shingoni, ingawa jua lilikuwa linawaka. Mteja akiongea, yeye anainamisha kichwa kidogo na mdomo unafunguka, kama anaonja maneno.  Mikono hiyo nimeichora mara mia, na hata siku moja sikuwa nimeiona.

Nilimsalimu. Nilitaja jina la baba yangu.

"Wewe ni mtoto ya Abdi," akasema. Akanisogezea ndoo nikalie. "Ulikuwa hivi," akaonyesha kwa kiganja. "Anaishi?"

Nilimweleza ugonjwa. Nilimweleza mlango, na mvua, na anachosema kila siku.

Kibiwott alimpimia mama mmoja gorogoro mbili za viazi, akaongeza viwili juu.

"Hiyo siku nakumbuka," akasema. "Watu husema nilikuwa sisikii. Nilisikia mzuri. Nilisikia ufunguo. Nilikuwa nimebisha, nikasikia anakuja, nikasema, haya, sasa nimefika. Halafu akazungusha ufunguo mara ya pili, ya kufunga zaidi."

"Ulimchukia?"

"Miaka kama nne. Halafu kazi ikakuwa mingi."

Ningeweza kuondoka hapo. Lakini nilikuwa nimekuja na simu, na nilijua nisipomwonyesha nitakuwa nimemwibia mara mbili. Nilimweleza kazi yangu. Nikampa picha.

Aliitazama muda mrefu. Alipanua kwa vidole viwili, akaangalia kichwa, akaangalia kofia. Kidole gumba kikakaa juu ya kofia.

"Hii mikono umeweka refu," akasema.

"Ndiyo."

"Anauliwa namna gani?"

"Hauawi. Akibisha, ukifungua unakufa. Ukinyamaza, anaenda."

"Na wewe unakuwa umeshinda?"

"Ndiyo."

Alinirudishia simu kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto umegusa kiwiko, kama mtu anavyotoa kitu kwa heshima.

"Basi kwa gemu yako," akasema, "Abdi alishinda."

Nililia mbele ya watu wa soko. Aliniacha nilie. Aliendelea kuuza viazi. Nilipomaliza akaniuliza, "Huko Kitale mvua inanyesha saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Hata hiyo saa ni ile ile," akasema.

Ijumaa, 20 Juni

Nimempigia Tonny. Nilimwomba amwondoe Mgeni. Alidhani natania.

"Ni mtu," nikasema. "Ni mtu wa kweli, yuko hai."

Nilimsimulia yote. Tonny si mbaya, alinisikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, Sume. Lakini lishapita kwa watu kumi na wanne hapa. Liko kwa picha ya mbele."

"Basi badilisha sheria. Ukifungua, iwe ni mtu. Ukinyamaza, ndiyo arudi kila mvua."

"Zimwi likifunguliwa likawa mtu, si zimwi tena bana. Watu watasema wamedanganywa."

"Sasa hivi ndipo wanapodanganywa."

"Sume." Alishusha pumzi. "Mchoro ulishauza. Si wako tena."

Hiyo ni kweli, sahihi yangu iko kwenye mkataba. Nimemwambia aondoe jina langu, na kwamba hayo mazimwi yaliyobaki amtafute mtu mwingine. Miaka miwili ya kazi imeishia kwenye simu ya dakika tisa.

Jumatatu, 7 Julai

Mvua. Mfungulie. Nilifungua mlango wazi kabisa leo, nikamwonyesha uwanja. "Hakuna mtu, Baba." Alitazama. "Umechelewa kumfungulia," akasema. "Amesogea." Na mvua iliporudi usiku, naye alikuwa amerudi.

Ijumaa, 1 Agosti

Gemu imetoka. Nekesa ananiambia mtoto wa jirani anacheza. Jioni nilimsikia ng'ambo ya ua akiwanong'oneza wenzake: nyamazeni, nyamazeni, msimjibu.

Alhamisi, 14 Agosti

Kibiwott amekuja.

Hakupiga simu. Saa sita mchana nilisikia mtu anauliza njia, nikamkuta langoni na gunia dogo la viazi begani. Nekesa alitazama kofia, akanitazama mimi, akaenda kuweka chai bila kuuliza.

Baba alikuwa bado na mwanga wake wa asubuhi. Alimkaribisha kama anavyomkaribisha kila mtu siku hizi, kama mteja. "Chumvi imekwisha," akamwambia. "Itafika Alhamisi."

"Leo ni Alhamisi," akasema Kibiwott.

"Basi ngoja, itafika."

Wakangoja chumvi pamoja. Walikunywa chai. Waliongea habari za bei ya viazi, Baba akitaja bei za zamani sana na Kibiwott akikubali zote. Niliwatazama nikitafuta kitu usoni kwa Baba, hata kidogo. Hakikuwako. Alikuwa anapenda kukaa na huyu mtu, basi.

Saa kumi, mabati yakaanza.

Baba aliweka kikombe. Akainuka, akaugeukia mlango, na uso wake ukawa ule mwingine.

"Amekuja. Mfungulie."

"Abdi," akasema Kibiwott kutoka kwenye kiti. "Niko hapa. Nilishaingia."

Baba alimgeukia kwa upole wa mtu aliyekatizwa. "Wewe ni mgeni, kaa. Yule yuko nje."

 Mvua ilizidi. Kibiwott alinitazama, akatazama mlango, kisha akavua kofia. Sitaandika nilichoona. Ni kichwa cha mzee. Aliishika kofia kwa mikono miwili, akapita mbele ya Baba, akafungua, akatoka. Kabla ya kuvuta mlango akaniambia, "Funga."

"Mzee, siwezi."

"Funga. Kama siyo hivyo, si yeye."

Nilifunga. Nilizungusha ufunguo, nikausikia unavyoingia, na nilijua upande wa pili naye anausikia. Niliuacha kwenye kitasa, nikarudi nyuma.

Kimya. Maji tu. Halafu hodi, mara tatu.

"Abdi."

Baba alinijia mimi. Aliniinua uso kidogo, akaweka viganja vyake juu ya masikio yangu. Nina miaka thelathini, na mikono yake siku hizi ni myepesi kama makaratasi, lakini alibana. Mvua ikaenda mbali. Niliona midomo yake inasema kitu ambacho sikukisikia. Nilihisi hodi ya pili kwa miguu, kupitia sakafuni.

Alisimama hivyo muda mrefu. Nilifikiri: atafanya vile vile. Nilifikiri: nikimsukuma nitakuwa nimefungua mimi, siyo yeye. Sijui nilijuaje kwamba ni lazima nikae. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye viganja vyake.

Kiganja kimoja kikatoka. Kisha cha pili. Baba alikwenda mlangoni, akahangaika na ufunguo, akauzungusha upande usiofaa, akaurudisha, akafungua.

Kibiwott alikuwa amelowa mpaka mifupani, kofia mkononi, mdomo wazi kidogo. Baba alimtazama.

"Ingia," akasema. "Ingia haraka, watakuona."

Akamvuta kwa mkono wa koti mpaka ndani. Akafunga, akazungusha ufunguo mara mbili, akageuka na kuuegemea mlango kwa mgongo, mikono ameitandaza huku na huku. Mtu wa miaka sabini na miwili, kanzu inaburutika. Hakuna ambaye angepita hapo. Nekesa alileta taulo akaishika tu, asijue ampe nani. Tulisimama hivyo wote wanne mpaka mvua ikaisha.

Jumatatu, 18 Agosti

Mvua, saa kumi. Baba ameinuka akaniambia nimfungulie. Sikumuuliza kitu. Nimefungua mlango nikauacha wazi, maji yakaingia mpaka kwenye zulia, na nje hapakuwa na mtu. Baba amesema karibu, kisha akasogeza miguu yake, kama anampisha mtu apite.